Vidonge vya Kila Usiku au Sindano ya Kila Mwezi?

Familia nyingi za Nairobi zinazomuuguza mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, hujiuliza kipi kina nafuu: vidonge vya olanzapini, au sindano ya flufenazini inayochomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4.

Kwa uhakika wa dozi, sindano hushinda. Nilipokuwa nikifua foronya ya ndugu yangu nilikuta vidonge 14 vimefichwa ndani, vingine vimeanza kuyeyuka.

Kwa madhara, kila upande una mzigo wake: olanzapini huongeza uzito na sukari mwilini, ilhali flufenazini huleta mtetemeko na kukakamaa kwa misuli.

Suala zito ni kuacha. Anayekatiza vidonge ghafla huweza kukosa usingizi, kutokwa jasho na kuhangaika, na ugonjwa wenyewe huweza kurudi. Sindano hutoka mwilini polepole, lakini kwa sababu hiyohiyo madhara yake nayo hukawia kuisha. Vidonge daktari anaweza kuvipunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi.

Anayeishi peke yake Kayole na husahau dawa, azungumze na daktari kuhusu sindano. Mwenye wa kumkumbusha, anayetarajia kupunguza dozi chini ya uangalizi, huenda vidonge vikamfaa zaidi.