Pampasi za wakubwa zinazouzwa Kariakoo: za gundi, za chupi na za kitambaa

Ukiingia maduka ya dawa ya Kariakoo kutafuta kitu cha mtu asiyeweza kuzuia mkojo, utaonyeshwa pampasi ya kufunga kwa gundi pembeni, pampasi ya kuvaa kama chupi, na shuka ya kutupa ya kutandika kitandani. Majina ya pakiti ni mengi na hubadilika, kwa hiyo hapa zinapimwa aina, si chapa. Bidhaa zenyewe si mbaya. Kinachopungua ni maelezo: muuzaji huuliza "M au L?" akahesabu hela, basi.

Kwa mgonjwa wa kitandani, chukua ya gundi. Ya chupi inapendeza machoni, lakini kumvalisha mtu asiyenyanyua kiuno ni kazi ya watu wawili, na ikishaingia kinyesi huwezi kuivuta miguuni bila kumchafua. Lazima uichane pembeni. Hiyo mwachie mzee anayetembea na kwenda chooni mwenyewe, ila mkojo humponyoka njiani.

Saizi usikisie. Zungusha futi ya fundi cherehani kiunoni, kisha kwenye makalio, chukua namba iliyo kubwa uilinganishe na sentimita za kwenye pakiti, maana L ya kiwanda kimoja inaweza kukaribia M ya kingine. Wengi hununua kubwa wakidhani itabeba mkojo zaidi. Matokeo yake mpira wa mapajani unaacha uwazi, mkojo unapita hapo kabla haujanywewa, na shuka inalowa huku katikati ya pampasi pakiwa pakavu.

Usiamini mililita zilizoandikwa kwenye pakiti. Kipimo cha maabara cha ISO 11948-1 huizamisha pampasi nzima kwenye maji yenye chumvi. Mtu aliyelala huloweka sehemu moja tu, kwa hiyo ile namba haifikiwi. Ipime mwenyewe kabla ya kununua katoni. Lita moja ya maji weka chumvi gramu 9, kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Chumvi ni ya lazima: chembechembe za ndani hunywa maji matupu kwa wingi kuliko mkojo, na ukitumia ya bomba kila pampasi itaonekana nzuri. Mimina mililita 200 mahali pamoja, subiri dakika tano, weka tishu kavu juu yake na pakiti ya sukari ya kilo moja kwa sekunde 15. Rudia mara ya pili na ya tatu. Inayolowesha tishu tangu mara ya kwanza, iache dukani. Ya usiku inapaswa kubaki karibu kavu hata baada ya mililita 400, kwa sababu kibofu cha mtu mzima kikijaa hutoa 300 hadi 500 kwa mkupuo.

Pampasi nzuri huharibiwa na ufungaji. Ikunje kwa urefu iwe kama mfereji, mgeuze mgonjwa ubavu, ipitishe toka mbele kwenda nyuma, kisha mlaze chali. Kwa mwanamume, uume uelekezwe chini. Ukielekea juu, mkojo hutokea kiunoni. Funga gundi za chini kwanza ukizielekeza juu kidogo, halafu za juu zielekee chini. Malizia kwa kupitisha kidole mapajani uchomoe zile kingo zilizokunjamana ndani. Hatua hii ndiyo husahaulika, na ndiyo inayovujisha. Kuvalisha mbili kwa pamoja ni kutupa hela: plastiki ya ile ya ndani haipitishi kitu. Pedi ya hedhi nayo haifai, imetengenezwa kwa damu inayotoka polepole, si kwa mkojo unaokuja kwa kasi.

Kwa joto la Dar, hasa Desemba hadi Machi, chagua yenye mgongo wa kitambaa laini kuliko ile ya nailoni inayopiga kelele. Badilisha kila baada ya saa tatu hadi nne wakati wa mchana, na papo hapo kukiwa na kinyesi. Safisha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka krimu ya zinki au mafuta ya mgando kwa wembamba. Ukipaka mengi, mafuta huziba pampasi na mkojo unabaki juu ya ngozi. Poda acha, inaganda kwenye mikunjo.

Nepi za taulo za kushonesha zinaokoa hela kama maji ya bomba hayakatiki na kuna jua la kuanikia. Masika zitakushinda.

Sasa lile swali ambalo kaunta hailiulizi: mkojo unatokaje? Ukitoka akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo, misuli ya nyonga imelegea. Huyo abane misuli ile kana kwamba anazuia mkojo na ushuzi, mara nane kwa mpigo, mara tatu kwa siku, kwa angalau miezi mitatu. Wengi huacha wiki ya tatu wakasema haisaidii. Akishikwa ghafla asifike chooni, kibofu ndicho chenye haraka: ajizoeze kuchelewesha kidogo kidogo kwa wiki sita au zaidi, apunguze chai na kahawa. Zipo dawa kama oxybutynin, lakini hukausha kinywa, hufunga choo na humchanganya mzee akili, kwa hiyo asinunuliwe bila daktari. Kuchuruzika muda wote na tumbo la chini limejaa, hasa kwa mwenye tezi dume au kisukari cha muda mrefu, ni kibofu kisichomwagika. Huyo ni wa hospitali haraka, maana mkojo unaorudi nyuma huua figo.

Kabla ya kwenda, andika kwa siku tatu: saa, alichokunywa, alichokojoa kwenye jagi lenye vipimo, na alipovuja. Hospitali waombe kipimo cha mkojo, sukari, na ultrasound baada ya kukojoa. Mkojo uliobaki kibofuni ukiwa chini ya mililita 50 ni sawa, ukizidi 200 sababu itafutwe. Beba na dawa zake zote, kwani za kukojoza kama furosemide zikimezwa jioni zinatosha kulowesha kitanda usiku kucha.

Mama aliyeanza kuvuja mfululizo baada ya uchungu wa muda mrefu asiuziwe pampasi akarudishwa nyumbani. Hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na tundu dogo likiwahiwa wiki za mwanzo linaweza kuziba kwa mpira wa mkojo peke yake. Likichelewa ni upasuaji, ambao hospitali ya CCBRT pale Msasani imekuwa ikiwafanyia akina mama bila malipo. Wakati akisubiri asijinyime maji kwa kuogopa kulowa: mkojo ukiwa mzito ndio unaombabua zaidi.