Baba yangu wa miaka 82 na operesheni ya ngiri kwa matundu: tuliyoyapitia Mombasa

Baba alikuwa na ngiri pande zote mbili za kinena. Ya kulia alikaa nayo miaka mingi, ya kushoto ikamtoka baadaye. Ujana wake aliumaliza Kilindini akibeba magunia mgongoni, na hadi leo anasema mshipa aliupata huko. Aliificha sana. Mtaani kwetu Likoni mtu akionekana na uvimbe pale, watu washasema ni busha, basi mzee akaona haya, akajinunulia mkanda wa kubana, siku zikasonga.

Mwaka jana baada ya Ramadhani hazikusonga tena. Alianza kuswali kwenye kiti, kwa sababu kila akirukuu kitu kinashuka. Alasiri moja nikamkuta kalala chali juu ya mkeka, magoti kayainua, anairudisha ndani kwa vidole viwili, taratibu, jasho limemjaa usoni. Ilichukua karibu nusu saa. Siku ile niliogopa kweli, maana ngiri ikigoma kurudi, ikawa ngumu na mtu akaanza kutapika, hapo utumbo umebanwa na ni mbio za hospitali usiku huohuo. Operesheni ya dharura kwa mzee ina hatari kubwa kuliko ile iliyopangwa.

Kliniki ya kwanza tuliyoenda, daktari alimgusa, akasema "tutamfanyia ya matundu, ile ya kupitisha kamera na vifaa kwenye vitobo vidogo tumboni, ni kitu kidogo, anarudi nyumbani siku hiyohiyo", akatupa tarehe ya wiki ile. Hakuuliza anameza dawa gani, na Baba ana za presha na ya kuzuia damu kuganda. Hakuuliza kama amekonda, na suruali ya mzee ilikuwa imeshikwa kwa kamba mbele ya macho ya daktari. Sikurudi.

Hospitali ya pili ndiyo ninayoisifu. Daktari wa upasuaji alikaa nasi, akatueleza kwamba mzee ambaye ngiri haimsumbui anaweza kuachwa aangaliwe tu. Akasema pia kwamba mzee dhaifu mwenye ngiri ya upande mmoja, mara nyingi yeye humpa operesheni ya kawaida: mkato mmoja kinenani, ganzi ya palepale, mgonjwa yuko macho, anawekewa wavu wa kuimarisha pale palipolegea, basi. Ile ya matundu inataka alazwe usingizi kabisa. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kamera ipate nafasi ya kuona, kitanda kinainamishwa kichwa chini, na gesi ile inasukuma juu mapafu na kuupa moyo kazi. Kijana haimsumbui. Mzee mwenye moyo mchovu inaweza kumsumbua.

Kwa Baba hesabu ilikuwa nyingine kwa sababu ngiri zilikuwa mbili. Matundu yaleyale matatu yanafika kulia na kushoto, badala ya kumchana mara mbili. Tena hajawahi kupasuliwa tezi dume, maana makovu ya huko chini huifanya njia ya kamera kuwa ngumu.

Halafu akaja daktari wa usingizi, binti mdogo tu. "Shikamoo babu." Akamwomba ainuke kitini bila kushika mikono, atembee hadi mlangoni, ageuke, arudi. Akauliza, "Ngazi unapanda?" Baba akajibu napanda. Ikabidi niseme ukweli: akifika ngazi ya sita anasimama kuvuta pumzi. Binti hakumwaibisha, akaandika tu, akaagiza moyo upimwe, kisha akasema tusifanye haraka. Tulipewa wiki nne. Mayai na samaki kila siku, kutembea hadi msikitini na kurudi asubuhi na jioni, papai na maji mengi ili asijikaze chooni, na maelekezo kwenye karatasi ni dawa ipi aache na siku gani. Nakuomba, mzazi wako akiwa anatumia dawa ya damu usimwachishe kwa kukisia.

Operesheni yenyewe sina la kusema, ilichukua muda wa saa mbili kasoro akawa ametoka, vidonda vitatu vidogo vimefunikwa plasta. Tuliomba alale usiku mmoja, kwa kuwa kumvusha mzee ferini usiku na tumbo limetoka kushonwa sikuona busara.

Usiku ule ndio uliotuumiza. Wodi haikuniruhusu kulala naye. Nilipofika alfajiri nilimkuta anavuta mpira wa dripu, ananiuliza meli imefunga gati namba ngapi. Hakunijua. Nilipompapasa chini ya kitovu, palikuwa pamejaa, pagumu kama dafu. Hakuwa amekojoa tangu atoke chumba cha upasuaji, na hakuna aliyeliona. Muuguzi wa zamu ya asubuhi akamwekea mpira wa mkojo, ikatoka karibu lita nzima, na kabla ya adhuhuri aliniita kwa jina langu. Baadaye tukaelezwa kwamba wazee wenye tezi dume kubwa mara nyingi mkojo hufunga baada ya upasuaji, na kwamba dawa ya usingizi na mkojo uliojaa vyaweza kumvuruga mzee akili kwa muda. Hilo tulistahili kuambiwa mapema. Daktari aliomba radhi, nami nilipokea, lakini bado nikikumbuka yale macho moyo unanienda mbio.

Siku ya pili akalalamika bega la kulia. Sisi tukadhani moyo. Kipimo kikawa kizuri, kumbe ni gesi iliyobaki, humsumbua mtu begani siku mbili tatu. Wiki ya pili kinena cha kushoto kikavimba tena, Baba akanyamaza siku nzima akidhani imerudi. Ilikuwa maji tu yaliyokusanyika pale ngiri ilipokuwa, yakakauka yenyewe polepole.

Maumivu yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia. Panadol zilitosha, na siku ya tatu alitembea hadi kibarazani peke yake. SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa sehemu, iliyobaki tulichanga ndugu wanne, na ni pesa. Kama ngiri ingekuwa upande mmoja, ningechukua ile ya ganzi bila kujiuliza mara mbili.

Hospitali ile ningemrudisha Baba kesho. Ila safari hii ruhusa ya kulala naye ningeiomba kwa maandishi kabla hajalazwa, na kila saa chache ningemuuliza muuguzi: amekojoa?