Mashine ya kukatia nyasi: ya petroli au ya betri?

Nimekata nyasi kwa mashine ya petroli kwa miaka, na siku hizi natumia zaidi ile ya betri. Zote mbili ziko stoo na zote zinafanya kazi, kwa hiyo ninayoandika hapa sikusimuliwa. Watu huanza kwa kuuliza ipi ina nguvu, na jibu lake ni jepesi: ya petroli. Mimi ningeanza na swali jingine. Kati ya siku moja ya kukata na nyingine, mashine yako itakaa muda gani bila kuguswa?

Nauliza hivyo kwa sababu mashine ya petroli huumia zaidi ikiwa imelala kuliko ikiwa kazini. Petroli haikai. Ikimaliza mwezi hivi ndani ya tangi huanza kupoteza ubora, na ile iliyochanganywa na ethanoli huvuta unyevu. Sehemu nyepesi huruka hewani, na kinachobaki ndani ya kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ni utando wa kahawia unaonata. Mwaka mmoja, baada ya kiangazi kirefu, yangu iligoma kabisa kuwaka. Nilisimama pembeni fundi akifungua kikombe cha kabureta. Akachomoa jeti, kile kipande kidogo cha chuma cha manjano kinachopitisha mafuta, akakiinua kwenye mwanga anionyeshe. Tundu lake ni jembamba kama la sindano, na halikuonyesha mwanga hata kidogo. Kasoro yenyewe ilikuwa hiyo tu, na mimi nilikuwa nimevuta kamba mpaka bega likawaka moto. Alilisafisha, akarudisha, injini ikanguruma pale pale.

Tangu hapo, msimu wa nyasi ukiisha, natoa petroli yote kwenye tangi kisha nawasha mashine mpaka izime yenyewe. Dawa ni hiyo, na haigharimu kitu. Ila si hiyo tu unayopaswa kukumbuka. Kuna kubadilisha oili: injini mpya kwa kawaida huanza na saa 5 za kwanza, halafu kila saa 50 hivi, ingawa kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Kuna plagi inayotoa cheche za kuwashia injini, na kuna chujio la hewa. Na ukiilaza kusafisha chini, upande wa kabureta na chujio uwe juu, la sivyo oili inamwagikia kwenye chujio na mashine itatoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi.

Ya betri haina habari hizo. Unachomeka betri, unabonyeza, inakata. Sauti yake ni ndogo kiasi kwamba nasikia kisu kikigonga kijiti na nasimama kabla hakijagonga jiwe, na nikimaliza nguo hazinuki moshi. Kwa mtu anayekata mara kwa mara eneo ambalo si kubwa sana, nasema bila kusita: chukua ya betri.

Ila usidanganywe na namba za kwenye boksi. Betri ya 36V na ile iliyoandikwa 40V mara nyingi ni kitu kile kile: seli 10 zilizofuatana, kila moja 3.6V, na namba kubwa ni ya betri ikiwa imejaa. Cha kutazama ni nishati. Zidisha volti (V) kwa ampea-saa (Ah). Kwa namba za boksi, betri ya 40V yenye 5Ah ni wati-saa 200. Ya 56V yenye 2.5Ah ni 140 tu, japo volti zake zinatia tamaa.

Udhaifu wa betri unauona kwenye nyasi ndefu zilizolowa. Yangu ina mota inayojirekebisha: ikikuta nyasi nzito, mlio unapanda ghafla, kisu kinakazana, na taa za chaji zinashuka moja baada ya nyingine ukiziangalia. Hapo inabidi upandishe magurudumu, ukate juu juu kwanza, halafu urudie chini. Na hata kwa afya ya nyasi zenyewe, kukata zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja si vizuri. Ya petroli hupita hapo kwa ubabe.

Sasa kuna mtu anayeziacha nyasi miezi, zikifika magotini ndipo anakumbuka. Nyasi zake zinahitaji petroli, lakini petroli ndiyo isiyovumilia kulala muda huo. Huyo ningemshauri asinunue mashine kabisa. Akodi, au amwite mwenye mashine yake. Mashine ya petroli inunuliwe na mwenye eneo kubwa anayekata wiki hadi wiki, kwake haipati nafasi ya kulala na betri zingemchelewesha.

Zipo pia za waya wa umeme. Ni nyepesi na rahisi, zinafaa kiwanja kidogo. Anza karibu na soketi ukielekea mbali, waya ubaki nyuma upande uliokwisha kukatwa, tumia kikata umeme cha 30mA, kile kinachozima chenyewe umeme ukivuja, na usikate nyasi zikiwa mbichi kwa maji.

Ya betri ikiwa kimya inaonekana haina madhara. Chomoa betri kabla hujapeleka mkono kwenye kisu, kila mara, kama vile kwenye petroli unavyochomoa waya wa plagi. Kisu chenyewe kinolewe: kikiwa butu kinachana nyasi badala ya kukata, ncha zinageuka kahawia, na chaji inaisha haraka.

Kabla ya kulipa, uliza kama betri na chaja vimo kwenye boksi, maana nyingine huuzwa mwili mtupu. Uliza pia kama betri yake inapatikana peke yake, na ikiwa inaingia kwenye vifaa vingine vya kampuni hiyo hiyo. Ikichoka, hiyo ndiyo utakayoitafuta.