Hekalu la Hatshepsut, Luxor: nililipa kiingilio mara mbili kwa ajili ya ukuta mmoja

Kama uko Luxor, Misri, na una asubuhi moja tu ya kuvuka Nile, nenda Deir el-Bahari, lilipo hekalu la Hatshepsut, na ukifika usikubali kuharakishwa. Mimi niliharakishwa siku ya kwanza, ikabidi nirudi kesho yake na kulipa tena. Pesa ya pili siijutii hata kidogo.

Siku ya kwanza nilikwenda na ziara ya kikundi niliyoilipia hotelini: Bonde la Wafalme, hekalu la Hatshepsut, sanamu za Memnon na chakula cha mchana. Hekaluni tukapewa dakika 40. Mwongoza watalii alitusimamisha uwanja wa chini, juani, akazungumza robo saa nzima, kisha akatuambia tupande, tupige picha, turudi. Baada ya hapo tukapelekwa karakana ya vinyago vya alabasta, tukakaa saa nzima na ushei, chai inamiminwa, bei zinatajwa. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu amesafiri kutoka Pemba kuja kuona kazi ya miaka 3,500, halafu dukani anapewa muda mrefu kuliko hekaluni! Ukikata ziara, uliza kabla: maduka mangapi, na kila mahali dakika ngapi.

Asubuhi iliyofuata nikapanda kivuko cha wenyeji, kile kinachoondokea karibu na Hekalu la Luxor, nikachukua teksi ng'ambo, na saa kumi na mbili mlango unafunguliwa mimi nipo. Dirishani walitaka kadi ya benki, si fedha taslimu, basi uwe nayo. Bei hupandishwa mara kwa mara, ulizia ukiwa karibu kusafiri. Kuna kigari cha umeme wanachokiita taftaf kutoka getini. Asubuhi huna haja nacho, mchana ukipande, maana njia nzima haina kivuli.

Jina la mahali lilinifurahisha. Sisi tukisikia "bahari" tunajua ni maji ya chumvi. Kwa Wamisri, bahari iko kaskazini, kwa hiyo neno hilo lina maana ya upande wa kaskazini pia. Deir el-Bahari ni "monasteri ya kaskazini", kwa sababu Wakopti, Wakristo wa Misri, walijenga monasteri yao juu ya magofu ya hekalu hili.

Jengo lenyewe ni baraza tatu za mawe ya chokaa, moja nyuma ya nyingine, zimeegemea jabali refu lililosimama wima. Linatazama mashariki, kwa hiyo jua likichomoza jabali lote linakuwa rangi ya asali. Hatshepsut alikuwa mwanamke aliyetawala kama farao kwa miaka kama 20 hivi, katika karne ya 15 kabla ya Kristo. Baadaye Thutmose III, mtoto wa mumewe, ndiye aliyefuata kutawala peke yake, na zama zake picha nyingi za Hatshepsut zilifutwa kwa patasi. Utaona miungu wamesimama wazima, na katikati yao kovu lenye umbo la mtu. Nilisimama mbele ya kovu moja kwa muda. Wamsahaulishe walivyotaka, umbo lake bado liko pale.

Sasa ukuta wenyewe. Panda hadi baraza ya pili, geuka kushoto, ingia nyuma ya nguzo. Hapo imechorwa safari ya kwenda Punt, nchi ambayo wataalamu wengi huiweka upande wa Pembe ya Afrika na pwani ya Bahari ya Shamu. Kwenye ukuta mfupi wa kusini kuna kijiji: nyumba zimeinuliwa juu ya miti, zina ngazi, minazi ya kule kwetu sikuiona lakini mitende ipo. Mkuu wa Punt, Parahu, amekuja kuwapokea wageni na mkewe Ati, mwanamke mnene kweli kweli. Jiwe lake la asili liko kwenye makumbusho Cairo, hapo limewekwa nakala.

Kwenye ukuta mrefu kuna majahazi matano. Nyani wanatembea juu ya kamba, mabaharia wanapakia miti ya uvumba mizima mizima, mizizi yake imo ndani ya vikapu, watu wanaibeba kwa mipiko. Wengine husema ni manemane, wengine ubani. Angalia ile kamba nene iliyovutwa kutoka omo hadi tezi, juu ya vichwa vya watu: ndiyo iliyokuwa ikikaza chombo kisikatike katikati kwenye mawimbi. Baba yangu marehemu alikuwa mvuvi Wete, na nilitamani sana angekuwepo anielezee zile kamba moja moja.

Halafu inama. Chini ya majahazi ni maji, na ndani ya maji wamechongwa samaki wa maji ya chumvi. Niliona kambakoche na pembe zake ndefu. Niliona ngisi. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Samaki!" Mlinzi mzee aliyekuwa nyuma ya nguzo akacheka, "Samak! Samak!", akaja kunionyesha mmoja baada ya mwingine kwa kidole, bila kuugusa ukuta. Bakshishi niliyompa niliitoa kwa moyo mweupe. Siku ya kwanza mwenzake alinidai kwa kunionyesha nguzo iliyokuwa mbele ya macho yangu.

Nilikaa pale saa moja na nusu. Vikundi vilianza kuingia saa mbili, na vingi vilipita ukuta huo bila kusimama. Hekalu nalipatia alama tano kwa tano. Ziara ya hotelini, mbili.

Picha za simu nilimtumia kaka yangu, ambaye bado anavua. Alichelewa kujibu, alikuwa baharini. Usiku akaandika: "Huyo samaki mwenye pembe pajini ni puju. Aliyemchora alimwona kwa macho."