Wolpepa kwa nyumba za Kigoma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, nilisogeza kochi la sebuleni kwangu ili nipige deki nyuma yake. Nikakuta wolpepa imeachia ukuta kuanzia chini, imejikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Nilipoivuta kidogo ikanifuata hadi usawa wa kiuno. Nyuma yake plasta ilikuwa na madoa meusi ya fangasi, na kati ya madoa kulikuwa na unga mweupe, ile chumvi inayotoka ndani ya tofali. Haikuwa imetimiza miezi mitano. Wolpepa yenyewe haikuwa mbaya. Aliyeniuzia hakuniuliza ukuta wangu ukoje, na mimi sikujua kwamba nilipaswa kumwambia.

Tangu hapo nimebandika vyumba vinne, viwili vyangu na viwili vya ndugu zangu, na hivyo vyote vimesimama. Kwa hiyo kabla sijakupangia ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, naomba tuanze na ukuta, maana ndio unaoamua.

Mji wetu umejengwa kwenye vilima. Ukipanda Mwanga au Gungu utaona nyumba nyingi zimechimbiwa mteremkoni, ukuta wa nyuma umeegemewa na udongo. Mvua ikianza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, udongo ule unakunywa maji hadi mwezi wa nne au wa tano, na tofali ya kuchoma inayavuta ndani taratibu. Ukuta unaweza kuonekana mkavu kabisa huku ndani yake umelowa. Namna ya kujua ni hii: chukua nailoni nyepesi ya kuonyesha, hata ile ya kuvalishia madaftari, kata kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiingie hewa. Kiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani, na hapo usinunue wolpepa ya aina yoyote. Yakiwa upande wa nje tu, ni unyevu wa hewa ya chumbani. Fungua madirisha zaidi. Fanya jaribio hili wakati wa mvua. Ukilifanya Agosti ukuta utakudanganya.

Ukuta uliofeli unahitaji kwanza mtaro wa kuondoa maji nyuma ya nyumba na mfereji wa bati, kisha muda wa kukauka, na kwa sasa upake rangi. Plasta mpya ya saruji nayo ipe angalau wiki nne kabla hujabandika chochote.

Sasa wolpepa zenyewe.

Ninayoiweka ya kwanza, bila kusita, ni ya vinaili, yaani yenye uso wa plastiki laini, na mgongo wa nyuzi. Igeuze roli dukani ushike nyuma: ukisikia ulaini kama wa kitambaa cha barakoa, ndiyo hiyo. Mgongo huo haupanuki ukilowa gundi, kwa hiyo gundi unaipaka ukutani moja kwa moja kisha unashusha karatasi kavu juu yake. Kwa fundi wetu wa rangi ambaye hajabandika nyingi, huo ni unafuu mkubwa, maana viungo havifunguki baadaye. Siku ukitaka kuibadilisha, mara nyingi inavulika vipande virefu vizima bila kuondoka na plasta. Na uso wake wa vinaili unafutika. Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto ametoka kula migebuka iliyokaangwa kwa mawese, anapita akishika ukuta. Ile rangi ya machungwa ya mawese ikiingia kwenye karatasi tupu haitoki tena. Kwenye vinaili, kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kikipita mapema, imekwisha.

Usiamini maneno ya dukani kuhusu kufutika, soma lebo. Kuna michoro midogo. Wimbi moja maana yake inafutwa kwa sponji lenye maji na kwa upole tu, mawimbi mawili inaosheka, matatu inavumilia zaidi, na ukiona brashi juu ya mawimbi hata kusugua inakubali. Jua zima linakuambia rangi haipauki haraka. Ukuta unaopigwa na jua la jioni la upande wa ziwani uchagulie hiyo. Mishale ni ya maua: mshale mmoja wenye sifuri ni kwamba huna haja ya kulinganisha maua ya kipande na kipande, mishale miwili inayotazamana ni lazima ulinganishe, na ikitazamana kwa kupishana utapoteza karatasi zaidi, basi nunua ya ziada. Kisha angalia namba ya toleo. Roli zote zako ziwe na namba moja, la sivyo utapata ukuta wenye rangi mbili zinazokaribiana, kitu kinachoudhi macho kila siku.

Ya pili ni vinaili yenye mgongo wa karatasi, hasa zile roli pana za Korea za mita 1.06 kwa mita 15.6. Sura yake ni nzuri sana na viungo vinakuwa vichache. Ila hii gundi inapakwa kwenye karatasi yenyewe, inakunjwa, inasubiriwa dakika kadhaa ilainike na kupanuka, ndipo ipande ukutani. Kipande cha upana wa mita nzima kilicholowa gundi hakibebwi na mtu mmoja. Kama huna fundi aliyewahi kuifanya, ishia kwenye ile ya kwanza.

Ya tatu, stika. Ndizo zinazouzwa zaidi, na kwa mpangaji ndizo ningemshauri achukue: hakuna gundi ya kukoroga, unamenya karatasi ya nyuma unabandika. Kosa lake lipo kwenye ukuta uliopakwa chokaa au rangi ya maji ya bei ya chini. Pitisha kiganja, kikirudi na unga mweupe, stika itashika unga ule badala ya ukuta, na baada ya wiki mbili utaamka ukute imelala sakafuni. Ukuta wa rangi ya silki, ile yenye mng'ao, uliofutwa vizuri unaishika vyema. Mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla, kwa sababu siku ya kuitoa inaweza kubeba rangi yake. Ukiipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele huku unavuta polepole, gundi inalegea.

Karatasi tupu, isiyo na vinaili, naiweka ya nne, na ni kwa chumba cha kulala cha watu wazima tu. Huko Tabora ningeiondoa kabisa kwenye orodha. Kule shida ya unyevu ni ndogo, kiangazi ni kirefu, lakini mchwa wapo, na karatasi yenye gundi ya wanga kwao ni chakula kilichoandaliwa. Jambo jingine kwa ndugu zetu wa Tabora: mkibandika mwezi wa tisa au wa kumi, zimeni feni na fungeni madirisha mpaka gundi ikauke yenyewe. Ikikauka kwa pupa viungo vinaachana.

Ya mwisho ni zile paneli za sponji za kubandika zenye sura ya matofali. Najua zinapendwa. Zinaficha ukuta mbovu, na hapo ndipo ninapozikataa, kwa sababu unyevu unaendelea nyuma yake bila wewe kuona. Watoto wanazibonyeza kwa vidole zinabaki na mashimo. Na ni plastiki inayoyeyuka na kuwaka; tafadhali usiweke karibu na jiko, la gesi wala la mkaa.

Kuhusu kiasi, hapa ndipo watu wengi wanapopungukiwa. Muuzaji atakuuliza eneo la ukuta. Chukulia ukuta wa mita 4 kwa kimo cha mita 2.7: ni mita za mraba 10.8. Roli ya kawaida ya sentimita 53 kwa mita 10 ina mita za mraba 5.3, kwa hiyo atakuambia roli mbili zinakaribia kutosha. Hazitoshi. Hesabu kwa vipande. Mita 4 ukigawa kwa 0.53 unapata vipande 7 na nusu, yaani 8. Kila kipande ukate mita 2.8 ili ubaki na cha kupunguza juu na chini, na roli ya mita 10 inatoa vipande vitatu. Vipande 8 ni roli tatu. Kama kimo ni mita 3.3, kila roli inatoa vipande viwili tu na unahitaji nne. Stika nyingi zina upana wa sentimita 45: kwa ukuta uleule wa kimo cha 2.7 ni vipande 9, roli tatu kamili bila akiba, basi chukua ya nne.

Bei nayo usilinganishe kwa roli. Gawa bei kwa mita za mraba: 5.3 kwa roli ya kawaida, 4.5 kwa stika, 16.5 kwa ile pana ya Korea. Mara nyingi iliyoonekana ghali kuliko zote inashuka hadi katikati. Ongeza hapo gundi, praima (rangi ya msingi inayopakwa ukutani kwanza) na hela ya fundi, kisha amua. Mimi naona ukuta mmoja, ule wa nyuma ya televisheni au wa kichwani mwa kitanda, ukipewa wolpepa nzuri unapendeza kuliko kuta nne za wolpepa dhaifu.

Siku ya kazi, zima umeme kwenye swichi kuu kabla fundi hajafungua swichi za ukutani. Mwambie aanze kwa timazi, asifuate kona, kwa kuwa kona za nyumba zetu ni nadra kunyooka. Kipande cha kwanza kikiinama kidogo, cha nane kitakuwa kimepinda waziwazi. Kochi liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani hewa ipite. Na kile kipande kitakachobaki kikunje kwenye roli yake, uandike nyuma tarehe na namba ya toleo, ukiweke juu ya kabati. Mwangu kimeshatumika mara mbili.