Miaka mitatu na DCFH-DA kwenye seli hai

Nimeitumia DCFH-DA, rangi inayong'aa ikioksidishwa, miaka mitatu kupima kama dondoo la majani ya mlonge linazikinga seli za ini za HepG2 zisiumizwe na molekuli kali za oksijeni. Naandika kwa ajili ya mwanafunzi anayeagiza kichupa chake cha kwanza, maana mimi nilipoteza karibu muhula mzima kwa kutoielewa.

Ni nafuu na haina taabu. Unaiyeyusha kwenye kiyeyushi cha DMSO, unazipa seli mikromola 10, unaziacha nusu saa kwenye nyuzijoto 37, unasuuza. Ndani ya seli vimeng'enya huikata ikawa DCFH, ambayo haitoki kirahisi. Ikioksidishwa inakuwa DCF, na ukiimulika kwa mwanga wa buluu inang'aa kijani, karibu nanomita 525. Siku ya kwanza nilipoziona seli zikiwaka moja baada ya nyingine chini ya hadubini, niliwaita wenzangu wote waje watazame.

Halafu asubuhi moja nikaandaa visima vitatu vya sahani ya majaribio visivyo na seli hata moja: maji ya kukuzia seli, serumu (majimaji ya damu yanayolisha seli), dondoo na rangi, basi. Vikawaka. Serumu ina vimeng'enya vyake vinavyoikata rangi nje ya seli, na mwanga wa taa huioksidisha. Grafu zangu za miezi minne zilikuwa zimechanganya mng'ao wa seli na wa maji. Niliumia sana. Siku hizi natumia bafa (maji yanayotunza kiwango cha asidi) isiyo na serumu, sahani naifunika kwa foili, na visima visivyo na seli havikosekani.

Maelezo yaliyokuja na kichupa yalisema inapima haidrojeni peroksaidi, mojawapo ya zile molekuli kali. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. DCFH peke yake haishughuliki na peroksaidi kwa kiasi cha maana. Inahitaji madini ya chuma au vimeng'enya vya peroksidesi. Seli yenye chuma huru kingi itawaka zaidi hata kama peroksaidi haijaongezeka. Tena radikali ya DCFH, yaani DCFH iliyooksidishwa nusu, ikikutana na oksijeni huzalisha superoksaidi, molekuli kali nyingine, kwa hiyo kipimo chenyewe kinaongeza kile unachokipima.

Mwaka jana tukapata HyPer7, iliyotangazwa mwaka 2020. Hii ni protini inayopima haidrojeni peroksaidi: unaingiza jeni yake, seli inaitengeneza yenyewe, nawe unasoma uwiano wa mwangaza wa aina mbili, hivyo seli iliyobeba nyingi haikudanganyi. HyPer ya kwanza, ya 2006, ilikuwa ikiyumbishwa na asidi ya seli. Hii inastahimili vizuri zaidi. Ila kuingiza jeni kulinichukua wiki kadhaa, na seli nyingi zilikufa.

Kwa HyPer7, kinga ya mlonge ilionekana bado, lakini ndogo kuliko nilivyokwisha kumwambia msimamizi wangu. DCFH-DA naendelea kuinunua kwa mchujo wa kwanza. Igawe kwenye vichupa vidogo, iweke gizani kwenye friza, na kichupa kilichogeuka njano usikitumie.