Seti ya kutengenezea waini nyumbani: nilichokitumia kweli na kilichobaki kabatini

Mwenye dumu safi, mpira wa dripu na kilo ya sukari haihitaji seti hii yote. Anahitaji vitu viwili tu kati ya vilivyomo, na vyote viwili vinaenea mfukoni mwa shati. Nimeitumia vya kutosha kulisema hilo bila kuionea uchungu pesa niliyotoa.

Niliinunua kwenye duka la mtandaoni hapa Dar, elfu tisini na kitu ukijumlisha boda wa kuileta. Ndani kuna ndoo ya lita 10 yenye mfuniko uliotobolewa, kile kiplastiki kinachotiwa maji ili hewa ya ndani itoke na ya nje isiingie, haidromita (kipimo cha sukari iliyomo kwenye juisi), mpira wa kuhamishia waini, vidonge vya Campden vya kuua vijidudu, unga wa kusafishia vyombo, kipimajoto cha kubandika na pakiti za hamira ya waini. Na kijitabu. Kijitabu kimemwandikia mtu mwenye juisi ya zabibu ya kopo na baridi nyumbani kwake. Kinamshauri asogeze ndoo karibu na hita. Dar, mwezi wa pili, hita! Habari za rozela, zambarau wala ukwaju hakina, kwa hiyo nilikiweka juu ya kabati na hapo ndipo kilipo.

Nianze na hamira. Zilizokuja ni Lalvin EC-1118, vipakiti vya gramu 5, na kimoja kinatosha hadi lita 23. Asili yake ni Champagne kule Ufaransa, inavumilia kilevi hadi asilimia 18 na inafanya kazi kwenye joto la nyuzi 10 hadi 30. Mimi natengeneza lita tano tano, kwa hiyo natumia sehemu ya pakiti, naikunja vizuri, naifunga kwenye kichupa kikavu na kuirudisha kwenye friji. Watengenezaji wanapenda uitumie yote ukishaifungua, lakini yangu imeendelea kuamka vizuri.

Wengi hapa wanatengeneza waini ya rozela kwa hamira ya mkate, na si kosa wala si sumu. Kiumbe ni kilekile, Saccharomyces cerevisiae, ila mmoja amechaguliwa kwa kazi ya kuumua unga na mwingine kwa kazi ya kukaa ndani ya kilevi. Nilichemsha rozela sufuria moja nikaigawa madumu mawili, kila moja na hamira yake. La hamira ya mkate lilianza kwa fujo, povu likafika mdomoni kabla ya jioni, halafu likachoka mapema na kuacha sukari. Mashapo yake hayatulii, ukiligusa dumu tu yanapanda, na harufu ya maandazi haikuisha hadi mwisho. La pili lilichelewa kuanza, likaenda polepole bila kelele mpaka likamaliza sukari yote, na mashapo yakashikana chini kiasi kwamba nilihamisha waini yangu karibu yote ikiwa safi.

Lawama yangu kwa hamira hii ni moja: haibakishi utamu hata kidogo. Shemeji yangu, mtu wa waini tamu za Dodoma, alionja akaniuliza, "Shem, hii ni dawa ya nini?" Ukipenda tamu, tia sukari kwenye glasi wakati wa kunywa, siyo kwenye chupa. Kwenye chupa bado kuna hamira hai. Ikipata sukari inaanza upya, na chupa iliyozibwa inaweza kupasuka.

Halafu joto. Chumba changu mchana kinapita nyuzi 30, na juisi inayochacha hujiongezea joto yenyewe. Naweka dumu kwenye karai la maji na kulivisha kitambaa kilicholowa, ncha zake zikiwa ndani ya maji. Kipimajoto cha kubandika kinasaidia hapo, nakipa haki yake.

Kitu cha pili ni haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea. Kwenye maji matupu kinasoma 1.000. Kilo moja ya sukari, ukiongeza maji hadi zitimie lita 5, inasoma kama 1.077. Waini ikimaliza inashuka chini ya ile ya maji, mathalani 0.994. Toa ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131, unapata kilevi: hapo ni karibu asilimia 11. Wasio nayo wanahesabu mapovu, na mapovu ni waongo. Yanakoma kwa sababu mfuniko unavuja, au hamira imechoka na joto, na wewe unadhani mambo yamekwisha. Haidromita ikisoma namba ileile baada ya siku kadhaa, tena chini ya 1.000, ndipo ninapofikiria chupa. Zingatia kwamba ya kwangu imepimwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo kwa joto letu inasoma pungufu kidogo. Kwenye nyuzi 30 ongeza kama 0.002 hadi 0.003. Izungushe kidogo ndani ya mrija kabla ya kusoma, la sivyo mapovu yanaishikilia juu.

Vilivyobaki vina mbadala mtaani. Dumu lililokuwa na maji ya kunywa linafanya kazi ya ndoo. Usiguse ndoo ya rangi, wala dumu la mafuta ya taa hata lioshwe vipi. Sufuria ya alumini ni ya kuchemshia maji tu, usilaze kitu kichachu humo. Badala ya kile kiplastiki, toboa kizibo, pitisha mpira wa dripu, ziba pembeni kwa nta ya mshumaa, ncha nyingine izame kwenye chupa ya maji. Hewa inatoka ikibubujika, na vile vinzi vidogo vya matunda havipati njia. Nimevitaja kwa sababu ndivyo vinavyobeba bakteria wa siki. Unga wa kusafishia uliisha upesi; sasa naloweka vyombo kwenye maji yenye Jik kidogo, kisha nasuuza kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu ipotee kabisa.

Rozela kavu naichukua Kariakoo. Gramu 150, kilo ya sukari, maji ya moto, funika, chuja, jaza maji hadi lita 5, ngoja ipoe ndipo utie hamira. Ndimu haihitajiki, rozela ina uchachu wake wa kutosha. Ninachoongeza ni kikombe cha chai ya rangi nzito, kwa ajili ya ule ukakasi ambao zabibu huupata kwenye maganda yake. Tatizo la rozela ni kwamba haina chakula cha kutosha kwa hamira, na hamira yenye njaa hutoa harufu ya mayai viza. Hapo ndipo hamira ya mkate inapopata kazi: kijiko cha chai kichemshwe kwenye maji kidogo mpaka ife, kisha kimiminwe ndani iwe chakula cha iliyo hai.

Lakini kama ni bure unayotafuta, ni zambarau. Nje ya ukuta wetu kuna mzambarau ambao msimu wake ukifika unapaka lami rangi, na wanaoujali ni watoto na popo tu. Natandika turubai chini, natikisa matawi, naacha zilizopasuka na zilizokwishaingiwa na nzi. Zioshe sana, vumbi la barabara si kiungo. Kilo mbili zinatosha lita 5. Ziminye kwa mkono bila kuvunja kokwa, maana zina uchungu, na usizichemshe: ukichemsha, pektini, ule utelezi wa matunda unaogandisha jamu, inatoka na waini inabaki na ukungu. Hapa ndipo vidonge vya Campden vilipopata heshima yangu. Kimoja kwa lita 4.5, ngoja saa 24, kisha hamira. Kwa matunda ya kuokota yasiyopita motoni, sikiachi. Maganda yaache ndani siku nne au tano, ukiyazamisha asubuhi na jioni, ndipo uchuje kwa kitambaa na kuhamishia kwenye dumu.

Rangi inayotoka ni ya kifalme. Mwezi wa kwanza ukakasi unakubana ulimi hadi unajuta. Ikikaa miezi mitatu, minne, inalainika na kuwa kitu ninachokiweka mezani mbele ya wageni bila kueleza kimetoka wapi. Shemeji huyohuyo aliomba ya pili.

Ubuyu nimejaribu pia. Ladha nzuri, lakini una pektini nyingi mno na waini ilibaki kama togwa. Inanyweka, ila kwenye kikombe, siyo glasi.

Kuna watakaosema wagema hawajawahi kuona pakiti ya hamira, na ni kweli. Tembo la mnazi, ulanzi wa Iringa na uraka wa mabibo kule Mtwara hujichachia kwa vimelea vya asili. Ndiyo maana hunywewa mapema. Ukilaza tembo, kesho linaelekea kwenye siki. Anayetaka kinywaji cha leo aendelee na mgema wake, wala sitamwuzia haidromita. Seti hii ni kwa anayetaka kitu kinachokaa miezi chini ya kitanda. Wala isikutie hamu ya kutonesha: gongo ni habari nyingine kabisa, sheria imeshalisemea. Ukifikiria kuuza hata hii ya rozela, utakutana na TBS wa viwango na TRA wa kodi kabla ya mteja wa kwanza.

Kwa hiyo nyota tatu kati ya tano kwa seti, kwa sababu nililipia ndoo na kijitabu. Duka lile lile linauza hamira na haidromita kimoja kimoja, ukiuliza. Kwenye tangazo hawasemi. Vidonge vya Campden ongeza kama una mzambarau karibu. Na haidromita chukua mbili, kioo chake ni chembamba na sinki la jikoni ni la chuma.